Kijana, usihame kwa wazazi mikono mitupu

Sifa zote njema anastahiki Allah (SW), Mola wa walimwengu wote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake, swahaba zake na wote wanaofuata mwenendo wao mpaka siku ya Kiyama.



Asubuhi moja, nikiwa natoka kuswali Alfajiri, simu yangu iliingia ujumbe kutoka namba nisiyoijua. Ujumbe ule ulitaja jina kamili la kijana mmoja wa msikitini kwetu hapa Temeke, ukamwita tapeli, na ukanitaka mimi nimwambie alipe deni lake kabla ya saa sita mchana. Nilidhani nimekosewa. Baadaye nikafahamu kuwa ujumbe kama ule ulikuwa umetumwa kwa kila mtu ambaye namba yake imo katika simu ya kijana huyo, akiwemo bosi wake, akiwemo mama yake mzazi.

Kijana huyu simtaji, na Waislamu wanaomjua namuomba wamsitiri. Ni mcha Mungu, mchapakazi, kila mwezi anapata mshahara mdogo lakini wa uhakika. Kosa lake ni moja tu. Alihama nyumbani kwa wazazi wake akiwa na fedha za kodi ya miezi sita na za dalali, basi. Hakubaki na senti. Miezi sita ilipokwisha, mwenye nyumba akataka miezi sita mingine kwa mkupuo. Kijana akaingia katika mikopo ya kwenye simu. Akakopa wa kwanza kulipa kodi, akakopa wa pili kulipa wa kwanza, mpaka ikawa mitano. Deni likaja kulipwa na mama yake, ambaye aliuza cherehani aliyokuwa akishonea nguo za watu kwa miaka mingi, na ambayo ndiyo ilimsomesha huyo huyo kijana.

Usiku mmoja baada ya Isha alinisubiri nje ya msikiti. Aliniuliza swali ambalo mpaka leo linaniuma. Alisema: "Ustadhi, wewe mwenyewe ulitusomea juu ya mimbari kwamba mtu akiwa fakiri akaoa, Allah atamtajirisha. Mimi nilihama ili nijiandae kuoa. Mbona imekuwa hivi?"

Makala hii ni jibu langu kwake, na kwa vijana wote walio katika hali yake. Vilevile ni kukiri kwangu.

Aya ya pili ambayo hatuisomi

Ni kweli nilisoma. Katika Suratun Nuur, aya ya 32, Allah (SW) anaagiza waozeshwe wasio na wenza miongoni mwetu, na anaahidi kuwa wakiwa mafakiri Yeye atawatajirisha kwa fadhila zake. Ahadi ya Allah ni ya kweli na haina shaka. Lakini nilipofika hapo siku ile niliishia hapo, kama tunavyoishia wengi katika wahubiri. Sikusoma aya inayofuata.

Aya ya 33, mara tu baada ya hiyo, inawaelekea wale wasiopata uwezo wa kuoa. Inawaamuru wajizuie na machafu mpaka Allah awatajirishe kwa fadhila zake. Haiwaambii waruke tu, wala haiwaambii wakope. Inawaambia wajihifadhi na wasubiri, na subira katika Uislamu ni subira ya mtu anayefanya kazi.

Na ukiitazama vizuri aya ya 32 utaona jambo jingine. Amri yake ni "waozesheni". Wanaoambiwa hapo ni walezi, wazee na jamii nzima. Kwa maana hiyo aya ya kwanza ilikuwa inatusemesha sisi wazee na viongozi wa misikiti, na aya ya pili ndiyo ilikuwa inamsemesha kijana. Sisi tukachukua aya yetu tukamtwika yeye, na aya yake tukamficha. Tukamwambia: "Wewe ni mwanaume, toka kwa mama, kajitegemee, Allah atafungua." Akatoka. Matokeo yake ndiyo hayo.

Hadithi ya Mtume (SAW) iliyopokewa na Bukhari na Muslim iko katika mstari huo huo. Aliwahimiza vijana wenye uwezo waoe, na asiye na uwezo akamuelekeza kwenye funga, kwa kuwa funga ni kinga. Mtume (SAW) hakumdharau asiye na uwezo, wala hakumsukuma. Alimpa njia ya kupita katika kipindi cha kungoja.

Kutawakali si kutojiandaa

Wapo watakaosema kuweka akiba ni kukosa imani, kwamba riziki iko kwa Allah na kesho ina Mola wake. Hawa tuwarudishe kwa Mitume.

Nabii Yusuf (AS), kama tunavyosoma katika Suratu Yusuf kuanzia aya ya 47, alitafsiri ndoto ya mfalme na papo hapo akatoa mpango: walime miaka saba, walichovuna wakiache katika mashuke yake isipokuwa kidogo watakachokula, kwa sababu inakuja miaka saba ya shida itakayokula kile walichokiweka. Huyu ni Nabii anayepokea wahyi, na bado alisema wekeni. Ona pia kwamba alisema wekeni wakati wa neema, kabla shida haijafika.

Na Mtume wetu (SAW), ambaye hakuna aliyemshinda kwa kumtegemea Allah, imepokewa na Bukhari kutoka kwa Umar (RA) kwamba alikuwa akiuza tende za shamba la Bani Nadhir na kuwawekea watu wa nyumbani kwake chakula cha mwaka. Chakula cha mwaka mzima! Sisi kijana anahama bila ya chakula cha wiki, halafu tunaita hiyo tawakkul.

Tazameni pia kisa cha Abdurrahman bin Auf (RA) alipohamia Madina. Aliacha mali yake Makka. Mtume (SAW) akamuunganisha udugu na Saad bin Rabii (RA), tajiri wa Ansari, ambaye alijitolea kumgawia nusu ya mali yake. Abdurrahman alimuombea baraka katika watu wake na mali yake, kisha akaomba jambo moja tu, aonyeshwe soko lilipo. Akaenda, akachuuza samli na maziwa yaliyokaushwa. Baada ya muda akaja kwa Mtume (SAW) akiwa na athari ya manukato ya manjano, akaeleza kwamba ameoa, na mahari alitoa dhahabu ya uzito wa kokwa ya tende. Mtume (SAW) akamwambia afanye walima japo kwa mbuzi mmoja.

Huo ndio mpangilio: kwanza soko, kisha akiba, kisha mahari na nyumba. Sisi tumeugeuza. Tunaanza na chumba, kisha tunatafuta soko huku mwenye nyumba anagonga mlango.

Deni linaondoa utu

Mtume (SAW) alikuwa akijikinga kwa Allah na deni ndani ya swala yake. Alipoulizwa sababu, alieleza kwamba mtu mwenye deni akizungumza husema uongo, na akiahidi huvunja ahadi. Hadithi hii iko katika Bukhari na Muslim. Muulizeni kijana yeyote ambaye kodi yake imepita tarehe. Anapishana na mwenye nyumba, anazima simu, anasema yuko safarini naye yuko chumbani. Hakuzaliwa muongo. Deni ndilo limemfundisha.

Imepokewa pia na Bukhari kwamba liliwahi kuletwa jeneza la mtu aliyekuwa na deni la dinari tatu na hakuacha kitu. Mtume (SAW) akawaambia swahaba wamswalie mwenzao, mpaka Abu Qatada (RA) alipojitwika deni lile ndipo akamswalia. Dinari tatu tu, ndugu zangu.

Hapo bado hatujataja riba, ambayo katika Suratul Baqara, aya ya 278 na 279, Allah (SW) ametangaza vita dhidi ya wasioiacha. Mikopo hii ambayo watu wenyewe wameiita "kausha damu", na ile ya kwenye simu, ni riba ya wazi, na mingi haifuati hata sheria za nchi. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Kijana anayehama bila akiba anakaa hatua moja tu kutoka kwenye mlango huo. Siku atakapougua, au mshahara utakapochelewa, ataugonga.

Akiba ya kutosha ni kiasi gani?

Naam, tusiseme kwa jumla jumla. Tuchukue mfano wa kijana anayepata sh. 350,000 kwa mwezi, na anataka chumba cha sh. 80,000. Kila mtu atabadilisha tarakimu kulingana na mji wake na kipato chake, lakini hesabu ni ile ile. Ina mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni la kuingilia. Kodi ya miezi sita ni sh. 480,000, na dalali mara nyingi huchukua kodi ya mwezi mmoja, yaani sh. 80,000. Jumla sh. 560,000.

Fungu la pili ni vyombo. Tuseme kitanda na godoro sh. 300,000, jiko la gesi, sufuria, sahani na ndoo sh. 180,000, pazia, feni, taa na kirikuu cha kubebea mizigo sh. 120,000. Jumla sh. 600,000.

Fungu la tatu ndilo ambalo vijana hawalihesabu, nalo ndilo lililomuangusha kijana wetu. Hili ni fungu la kinga: matumizi ya miezi mitatu ya chakula, nauli, LUKU na maji, yawekwe pembeni yasiguswe. Kwa sh. 200,000 kwa mwezi, hiyo ni sh. 600,000.

Ukijumlisha mafungu yote unapata sh. 1,760,000. Kijana huyu akiishi kwa wazazi, anaweza kugawa mshahara wake hivi: sh. 80,000 kuchangia nyumbani, sh. 130,000 nauli na matumizi yake, sh. 20,000 sadaka na dharura ndogo, na sh. 120,000 akiba. Kwa mwendo huo atafika katika miezi 15, mwaka na robo. Je, mwaka na robo ni muda mrefu kwa mtu anayejenga maisha ya miaka hamsini?

Na akishahama mambo hayalegei. Katika sh. 350,000 zile zile, sh. 80,000 lazima ziwekwe kila mwezi tangu mwezi wa kwanza kwa ajili ya kodi ijayo, sh. 200,000 ni za kula na nauli, sh. 40,000 za wazazi, zinabaki sh. 30,000. Anayesema "miezi sita bado mbali" ameshapotea.

Ninawashauri vijana mtihani mmoja mwepesi. Kabla ya kuhama, jifanye umeshapanga. Kwa miezi mitatu mfululizo, siku ya mshahara weka pembeni kodi ya chumba unachokitaka na ulipie chakula chako chote kana kwamba uko peke yako. Ukishindwa kujilipa wewe mwenyewe ukiwa kwa mama, hutaweza kumlipa mwenye nyumba.

Ama mahali pa kuweka fedha, chagueni pa halali. Kibubu kinafaa kwa mwanzo, ila kina majaribu na wezi. Upatu wa watu waaminifu, ambapo kila mtu anatoa sawa na kupokea sawa bila nyongeza, haumo katika riba. Lakini vikundi vinavyokopesha kwa nyongeza viangalieni, na huduma za akiba za kwenye simu someni masharti yake kabla ya kubonyeza. Benki zinazoendeshwa kwa misingi ya sharia zipo. Amana Bank ilianza kazi hapa nchini mwaka 2011. Na msisahau kuwa fedha ikifikia nisabu, yaani thamani ya gramu 85 za dhahabu au gramu 595 za fedha kwa wanaohesabu kwa fedha, na ikapitiwa na mwaka wa Kiislamu, ina zaka yake ya asilimia mbili na nusu, hata kama umeiweka kwa ajili ya kuoa.

Kukaa kwa wazazi si aibu, kukaa bure ndiyo aibu

Kijana asije akaichukua makala hii akalalia kochi la baba yake mpaka azeeke. Anayebaki nyumbani ili aweke akiba ana masharti. Kwanza achangie, hata kama ni unga na mkaa. Pili asiwe mzigo: achote maji, apeleke mgonjwa hospitali, awasomeshe wadogo zake. Tatu achunge ulimi wake. Suratul Israa, aya ya 23, imekataza hata kuguna mbele ya wazazi waliofikia uzee. Mwaka huo na robo unaweza kuwa ndiyo nafasi yako ya mwisho ya kuwahudumia ukiwa karibu. Wengi waliohama kwa pupa wanalilia leo nafasi hiyo makaburini.

Na binti anayefanya kazi naye aweke. Matumizi yake ya lazima kabla ya ndoa yako kwa baba yake, na mali yake ni yake, hata akiolewa. Akiba ya binti imewaokoa wengi siku mume alipofariki au talaka ilipokuja.

Vipi kijana anayeogopa zina na hawezi kungoja? Huyu aoe, na hapa ndipo aya ya 32 inatugeukia sisi. Suratut Talaaq, aya ya 6, imeagiza wanawake wapewe makazi kwa kadiri ya uwezo wa mume. Aya ile inazungumzia waliopewa talaka wakiwa katika eda, na wanazuoni wamesema aliye ndani ya ndoa ana haki zaidi. Si lazima yawe makazi ya kifahari. Mke akiridhia, chumba kimoja cha uani kwa wazazi, chenye mlango wake na sitara yake, kinatosha kuanzia. Ila sitara iwe ya kweli, kwani Mtume (SAW) ametuonya vikali juu ya shemeji kuingia kwa mke wa ndugu yake, akamfananisha na mauti.

Neno kwa wazazi na kwa misikiti

Wazazi wangu, mtoto anayeweka akiba msimkejeli. Msimwambie "mwanaume mzima bado unakula kwa mama", halafu kesho mkakope kibubu chake kwa ajili ya sare ya harusi. Msiifanye akiba yake kuwa mfuko wa kila shughuli ya ukoo. Ile hadithi inayosema kuwa mtu na mali yake ni vya baba yake, wanazuoni wengi wameieleza kuwa baba huchukua kwa haja, pasipo kumdhuru mtoto.

Na tuangalie harusi zetu. Tunachangishana mamilioni kwa kadi, ukumbi, mapambo na muziki wa usiku mmoja. Asubuhi maharusi wanaamka katika chumba ambacho kodi yake inaisha mwezi ujao. Kwa nini michango ile isilipe kodi ya mwaka mzima, na walima ukawa wa mbuzi mmoja kama alivyoelekezwa Abdurrahman bin Auf? Hiyo ndiyo namna ya jamii kuitekeleza amri ya "waozesheni". Suratul Israa, aya ya 27, imewaita wafujaji ndugu wa mashetani. Sidhani kuwa ukumbi umetolewa katika hukumu hiyo.

Kwa upande wetu sisi wa misikitini, nilimuomba radhi kijana yule. Nilimwambia kuwa Allah hakuvunja ahadi yake. Ni mimi niliyemsomea nusu. Tuliketi na wazee wachache, tukachangishana bila kutangaza, na mama yake akapata cherehani nyingine. Si ile ya zamani, lakini inashona. Kijana amerudi kwao. Madeni yameisha, na sasa anaweka sh. 120,000 kila mwezi. Juzi aliniambia amefika mwezi wa nne. Hakusema kwa aibu, alisema kama mtu anayehesabu siku za Ramadhani akiijua Idi iko wapi.

Ijumaa iliyofuata nilisoma aya zote mbili.

Tunamuomba Allah (SW) awape vijana wetu riziki ya halali na subira ya kuingoja, awalinde na riba na deni, na atujaalie sisi wazee tuwe wenye kuwasaidia badala ya kuwasukuma. Amin.

Wabillahi tawfiq.